Nyerere hakushika bunduki, mbona Nachingwea ilijaa wapiganaji?

*Swali: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Ruangwa, najitolea kufundisha sekondari. Nimepewa kazi ya kuzungumza kwenye kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Oktoba 14, na mada yangu ni "Uhuru bila kumwaga damu". Tangu niitaje nyumbani, hakukaliki. Babu yangu ni Mmwera, ana miaka themanini na kitu. Anasema babu yake aliuawa kwenye Majimaji, kwa hiyo damu ilimwagika, tena ya kwetu. Anasema uhuru wa 1961 Waingereza walituachia tu kwa sababu walishachoka. Anasema yeye mwenyewe alibeba mizigo ya FRELIMO, wale wapigania uhuru wa Msumbiji, kutoka Nachingwea kwenda mpakani, sasa huyo mtu wa amani alikuwaje na jeshi la wageni nyumbani kwake? Na mwaka 1974 mgambo walimvunjia nyumba, wakamhamishia kijijini, akaacha mikorosho yake inazaa. Baba mdogo ni mtu wa kanisa, anasema babu anamvunjia heshima mtu anayeelekea kutangazwa mtakatifu. Mama, nani mkweli? Nikisimama pale niseme nini? Na babu anaweza kulidai lile shamba?*

Marahaba mwanangu. Nikikuelewa vizuri, hofu yako ni kusimama mbele ya watu na kutamka jambo ambalo babu yako, akiwa amekaa pale mbele, anajua limepunguzwa. Ni hofu ya mtu mwaminifu. Nimefundisha historia huku kusini miaka mingi, na swali hili nimelisikia Lindi mjini, nimelisikia Masasi, nimelisikia Newala, ila mara nyingi linaulizwa kwa kunong'ona. Wewe umeuliza waziwazi, na mimi nitakujibu waziwazi.

Babu yako kasema mambo manne. Matatu yana ukweli mzito. Moja, lile la Waingereza kuchoka, lina chembe ya ukweli lakini linawanyang'anya watu wa kizazi chake mwenyewe kazi waliyoifanya kwa jasho. Nianze na Majimaji, kwa sababu hapo ndipo mada uliyopewa inapokwama.

Vita vile vya kumpinga Mjerumani vilianza Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, pale Nandete, ambapo leo ni mkoa wetu wa Lindi. Watu waling'oa pamba. Walikuwa wamelazimishwa kulima shamba la pamba la pamoja chini ya jumbe na akida, wasimamizi wa vijiji na maeneo waliomtumikia Mjerumani, mashamba yao ya chakula yakilala, na malipo waliyopata hayakufanana na kazi. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa ile dawa ya maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinashika moto. Ndani ya wiki chache boma la Liwale likaanguka, na misheni za Nyangao na Lukuledi zikachomwa. Wamwera walikuwemo, babu hajakudanganya. Si kila mtu wa kusini aliingia: Wamakonde wengi wa uwanda wa juu walibaki nje, na wapo wakubwa wa Kiyao waliosimama upande wa Wajerumani. Hilo nalo uliseme, maana watoto wetu wanafundishwa kana kwamba nchi nzima ya kusini iliamka siku moja.

Kilichoua watu wengi zaidi hakikuwa risasi. Wajerumani walipoona vita vya msituni haviishi, walichoma maghala na kuharibu mazao yaliyokuwa shambani, ili njaa imalize kilichoshindikana kwa bunduki. Serikali yao yenyewe ilikadiria watu 75,000 waliokufa. Wanahistoria waliokuja kuwahoji wazee baadaye wanataja 250,000 hadi 300,000. Vita vilipozimwa kabisa mwaka 1907, kulikuwa na sehemu za kusini ambako kijiji kiligeuka pori.

Sasa piga hesabu. Mtoto wa miaka 5 aliyeiona njaa ile alikuwa mzee wa miaka 55 wakati vijana wa TANU, chama cha Nyerere, wanaanza kuja kusini na kadi zao katikati ya miaka ya 1950. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "tunamtoa mkoloni", swali lake la kwanza ni moja: mnatuletea Majimaji mengine? Kwa hiyo njia isiyo ya silaha haikuanzia kwenye vitabu vya Edinburgh alikosoma Nyerere. Huku kwetu ndiyo ilikuwa njia pekee ambayo mzee mwenye akili angekubali kumruhusu mwanawe aifuate.

Na Nyerere alilijua hilo, tena alilisema mbele ya dunia. Desemba 1956 alisimama kwenye Kamati ya Nne ya Umoja wa Mataifa akaieleza Majimaji. Alisema watu wale hawakupigana kwa kuogopa kiapo wala ushirikina. Walipigana kwa sababu hawakukubali kwamba mtu mweupe ana haki ya kuwatawala. Halafu akasema kwamba kazi ya chama kama chake haikuwa kuuzaa moyo wa uasi, ulikuwepo tayari. Kazi ilikuwa kuupa moyo huo sauti, na kuuonyesha mbinu mpya. Mwanangu, hilo ndilo ningeliweka katikati ya hotuba yako. Nyerere mwenyewe hakuanza kuhesabu mwaka 1954, TANU ilipoundwa. Alianzia 1905, kwa babu wa babu yako. Kwa hiyo "uhuru bila kumwaga damu" ni kauli ya kweli ukiianzia TANU, na ni kauli pungufu ukiianzia Nandete. Sema hivyo hivyo, hakuna atakayekulaumu.

Tuje kwa Waingereza na kuchoka kwao. Ni kweli India ilijitawala 1947, Ghana 1957, na dola ile ilikuwa inalegea. Lakini kwa Tanganyika hawakuwa na haraka yoyote. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliokuja mwaka 1954 ulipendekeza nchi ijitawale ndani ya miaka 20 hadi 25, na hata hapo Gavana Twining na wakubwa wake London walikasirika wakaona ni mapema mno. Uhuru ukaja baada ya miaka 7. Mtu aliyechoka hakasiriki akiambiwa apumzike baada ya miaka ishirini. Kilichoipunguza ile miaka ndicho unachotakiwa kuwaeleza wanafunzi wako.

Tanganyika haikuwa koloni kamili kisheria. Baada ya Mjerumani kushindwa iliwekwa chini ya usimamizi wa kimataifa, na kuanzia 1946 ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Maana yake Mwingereza alikuwa na mtu wa kumjibu. Kila baada ya miaka mitatu ujumbe ulikuja kukagua, na mwananchi wa kawaida aliruhusiwa kupeleka malalamiko yake New York. Wameru walishaitumia njia hiyo mwaka 1952 walipomtuma Kirilo Japhet kwenda kulalamikia ardhi yao. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule, lakini nchi nzima ilijifunza kwamba kuna mlango. Nyerere aliuingia mlango huo Machi 1955, kwa nauli iliyotokana na michango ya watu. Akarudi, akaacha kazi ya ualimu Pugu, akabaki na chama kisicho na mshahara wa kueleweka.

Mlango peke yake hautoshi, lazima uwe na watu nyuma yako. Serikali ya kikoloni ilikuwa na Wazungu wachache sana kwa nchi kubwa namna ile. Kodi ilikusanywa na majumbe, barua ziliandikwa na makarani, meli zilipakuliwa na makuli, amani ililindwa na askari, wote watu weusi. Utawala ule ulikuwa mzigo uliobebwa vichwani na wenyeji. Siku wakiutua chini, mwenye mzigo hana mikono ya kuunyanyua. Kazi ya TANU ilikuwa kuwafanya wabebaji wajue hivyo kwa pamoja. Ndiyo maana kadi ilikuwa na uzito mkubwa kuliko tunavyodhani leo. Mtu anayelipia kadi, anayekwenda mkutanoni akijua kachero wa serikali anaandika, anayechangia nauli ya mtu ambaye hajawahi kumwona, huyo ameshaanza kujitawala kabla bendera haijapanda. Bibi Titi Mohamed aliwaingiza akina mama kwa maelfu, na upande wa wafanyakazi Rashidi Kawawa, mtu wa Songea, alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vyao tangu 1955. Babu akikuambia hakufanya lolote ila kusubiri, muulize kama baba yake au yeye hawakuwa na kadi.

Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa kujizuia. Mwaka 1957 serikali ilimpiga marufuku Nyerere kuhutubia hadharani kwa miezi. Watu walitaka kujibu kwa fujo, na fujo ndiyo hasa iliyokuwa ikingojewa, maana chama kikileta fujo kinafungwa kisheria. Halafu ikaja kura tatu. Serikali ilitunga uchaguzi ambao kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, ili watu weusi walio mamilioni wawe na viti sawa na jamii ndogo mbili. Ilikuwa dhuluma ya wazi. Kwenye mkutano wa Tabora, Januari 1958, wengi walitaka kususa. Nyerere akabishana nao mpaka wakakubali kuingia, kwa hoja kwamba ukisusa, viti vinachukuliwa na UTP, chama kilichopendelewa na serikali ya kikoloni, na dunia inaambiwa hao ndio wawakilishi wenu. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka akaunda chama chake. Uamuzi ule ndio watu wanaouita "Uamuzi wa Busara". Uchaguzi ukafanyika Septemba 1958 na Februari 1959, na waliokuwa wakiungwa mkono na TANU, weusi, weupe na Waasia, wakashinda kila mahali. Mtego uliwanasa waliouweka.

Mwaka huo huo wa 1958 Nyerere alishitakiwa kwa kuwakashifu wakuu wa wilaya kwenye gazeti la chama. Mahakama ikampa achague: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Wapo waliotamani aende jela awe shujaa. Akalipa. Nami nadhani alipima vizuri, kwa sababu nchi isiyo na kiongozi kwa miezi sita, katikati ya uchaguzi, ingeweza kulipuka kwa jambo dogo tu.

Kuna kitu kingine ambacho watu wetu hawapendi kukisema kwa sababu kinapunguza sifa, ila mimi nitakisema. Jirani yetu Kenya ilikuwa inawaka tangu 1952 kwa vita vya Mau Mau. Gavana Richard Turnbull aliyeletwa Dar es Salaam mwaka 1958 alitokea Nairobi, alikokuwa katibu mkuu wa serikali wakati wa hali ya hatari. Alijua kwa macho yake gharama ya kutawala watu waliokataa kutawaliwa. Aliposhika nafasi ya Twining aliona bora azungumze na TANU kuliko kuanza vita vingine kwenye nchi iliyo kubwa kuliko Kenya na yenye walowezi wachache. Kwa hiyo amani yetu ilibebwa pia na damu ya watu wa Kenya, kama ilivyobebwa na damu ya Wamatumbi, Wamwera na Wangoni. Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na Desemba 9, 1961 bendera ikabadilika.

Naona watu wengi humwita Nyerere "Gandhi wa Afrika", na pengine na wewe utashawishika kulitumia jina hilo. Kuwa mwangalifu. Gandhi alianza harakati zake za kutotii bila fujo Johannesburg tarehe 11 Septemba 1906, wakati vita vya Majimaji vikiwa bado havijaisha huku kwetu. Fikiria: mwaka mmoja, watu wawili tofauti wanaoonewa na Mzungu, mmoja anajibu kwa mkuki na maji ya dawa, mwingine kwa kukataa kusajiliwa na kukubali kufungwa. Mwaka 1930 akatembea toka Sabarmati hadi ufukwe wa Dandi, zaidi ya kilomita 380, kwenda kuokota chumvi ambayo serikali ilikataza mtu kujitengenezea bila kulipa kodi. Watu wa pwani yetu wanaovuna chumvi watauelewa ujanja huo haraka kuliko mtu wa mjini: alichagua kitu ambacho maskini hawezi kula bila nacho, na ambacho bahari humpa bure. Lakini kwa Gandhi kukataa silaha kulikuwa imani. Harakati zake zilipoingia fujo Chauri Chaura, Februari 1922, alizisimamisha nchi nzima. Nyerere hakuwahi kuahidi kwamba silaha ni haramu daima. Alisema kwa Tanganyika, kwa mtawala huyu, kwa hali hii, haihitajiki. Ukilijua hilo, habari ya Nachingwea haikuchanganyi tena.

Kwa nini Nachingwea? Twende ng'ambo ya Ruvuma, Juni 16, 1960. Wamakonde wa Msumbiji waliokuwa wakifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika, Lindi ikiwemo, walikuwa wameiona TANU inavyofanya: kadi, mikutano, kuomba kwa adabu, kutokubali fujo. Wakaunda chama chao kwa mfano huo huo. Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane wakavuka wakaenda Mueda kumwomba mtawala wa Kireno azungumze nao juu ya watu wao. Umati ukakusanyika mbele ya ofisi. Viongozi wakakamatwa, watu wakapiga kelele wasichukuliwe, askari wakafyatua risasi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Wareno waliitaja ndogo, FRELIMO ilitaja mamia. Kwa hiyo njia ya Nyerere ilijaribiwa Msumbiji, tena na watu waliojifunzia kwetu, ikajibiwa kwa bunduki.

Tofauti haikuwa kwenye moyo wa watu wala ujasiri wao. Ureno ya Salazar ilisema Msumbiji ni mkoa wa Ureno, kwa hiyo hakuna wa kuihoji. Hakukuwa na ujumbe wa kuja kukagua, hakukuwa na uchaguzi hata wa hila, hakukuwa na gazeti la kuandika wala mahakama ya kukutoza faini ukarudi nyumbani. Mbinu ya kukataa bila fujo inahitaji mtawala awe na kitu anachoogopa kukipoteza mbele ya watu, au awe na mtu wa kumjibu. Wareno hawakuwa na aibu hiyo.

FRELIMO iliundwa Dar es Salaam Juni 25, 1962, ikaanza kupigana Septemba 25, 1964. Nachingwea ikawa kambi yake kuu ya mafunzo, kwenye ardhi ileile ambayo Waingereza waliifyeka baada ya vita vikuu kwa ule mradi wao wa karanga uliokula mamilioni ya pauni ukafa. Ukienda pale panapoitwa Farm 17 unakanyaga historia mbili kwa wakati mmoja. Mtwara kulikuwa na hospitali ya FRELIMO ya kuwatibu majeruhi. Na huyo Nyerere, Aprili 1969, akiwa Lusaka na viongozi wenzake wa Afrika, walitoa tamko lililosema kwa ufupi hivi: tungependa kuzungumza kuliko kuua, lakini njia ya mazungumzo ikiwa imefungwa na mkoloni mwenyewe, hatuwezi kuwanyima msaada wanaopigana. Miezi miwili kabla yake Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, alikuwa ameuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Mei 1975 Samora Machel, aliyeongoza FRELIMO baada yake, akavuka Ruvuma akitokea Tanzania, akashuka nchi yake hadi Maputo, na Juni 25 Msumbiji ikawa huru.

Mizigo ile aliyobeba babu yako imo ndani ya historia hiyo. Na vijiji vya kando ya mto vililipa gharama ambayo Dar es Salaam haikuilipa: mabomu ya ndege, mabomu ya kutegwa ardhini, mashamba yasiyoendeka. Kusini ilitoa sana, na ilichelewa sana kupata barabara. Hilo ukilisema siku ile utakuwa hujamtukana mtu.

Wala usifiche kwamba Nyerere alikuwa na jeshi lake na alilitumia. Askari walipoasi Januari 1964 aliomba msaada wa majeshi ya Uingereza, jambo lililomwumiza, kisha akaunda JWTZ upya. Amin alipoivamia Kagera mwaka 1978 alitangaza vita bila kigugumizi.

Kwa hiyo, mwanangu, kama kuna mahali pa kumhoji Mwalimu kuhusu nguvu, mimi siendi Nachingwea. Naenda palepale alipoishia babu yako, kwenye ile nyumba iliyovunjwa. Mwaka 1962, uhuru ukiwa haujatimiza mwaka, Bunge lilipitisha sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kesi. Watu walikaa ndani bila kuambiwa kosa lao, na wengine wao walikuwa wapigania uhuru wenzake. Bibi Titi mwenyewe alihukumiwa kwa uhaini akafungwa, akaachiwa mwaka 1972. Halafu vijiji. Oktoba 1968 Nyerere aliandika kwamba watu hawawezi kuendelezwa na mtu mwingine, wanaweza tu kujiendeleza wenyewe. Mkoa wa Mtwara, ambao wakati ule uliimeza Lindi mpaka 1971, ulikuwa mstari wa mbele kuingia vijijini, kwa sehemu kwa sababu ya usalama wa mpaka. Wapo walioingia kwa hiari, nao uwaheshimu. Lakini Novemba 1973 kauli ikabadilika: kuishi vijijini ni amri. Magari na mgambo wakafuata. Yaliyotokea sehemu nyingi ni nyumba kuvunjwa au kuchomwa ili mtu asirudi, na mazao kuachwa shambani. Mtu aliyemshinda Mwingereza kwa kuwashawishi watu mmoja mmoja, mara hii hakungoja washawishike. Naumia ninapoandika hivyo, kwa sababu nampenda yule mzee, lakini babu yako hakuota. Mwalimu mwenyewe baadaye alikiri kwamba makosa yalifanyika katika utekelezaji. Kwa aliyelala nje na watoto, neno hilo ni dogo.

Baba mdogo naye usimwache bila jibu. Kanisa Katoliki lilianza kuchunguza maisha ya Nyerere kupitia jimbo la Musoma, naye sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu. Uchunguzi huo unahusu imani yake, sala zake, namna alivyoishi bila kujilimbikizia mali. Hauwaombi waumini waseme kila amri ya serikali yake ilikuwa sahihi. Mtu anaweza kuwa mcha Mungu na bado akatoa amri iliyomwumiza babu yako. Wakikaa wawili hao, mpe baba mdogo swali hili aliwaze: kama ushahidi kuhusu maisha ya mtu unakusanywa, wa mzee aliyehamishwa 1974 si ushahidi?

Kuhusu siku yenyewe, una njia kama tatu. Unaweza kusoma sifa kama zilivyozoeleka, ukapigiwa makofi, na babu akanyamaza. Sikushauri. Unaweza kuyamwaga yote ya babu kama mashtaka. Watu watagawanyika kabla hujamaliza, na vijana hawatajifunza namna uhuru ulivyopatikana, jambo ambalo kwa kweli hawalijui. Mimi ningeomba ofisi ya kata ikuruhusu kumkaribisha babu azungumze dakika chache kabla yako, asimulie mizigo ya Nachingwea kwa maneno yake, kisha wewe uchukue pale alipoishia uunganishe na Mueda, Tabora na Nandete. Muulize kwanza kama yuko tayari kuisema habari ya vijiji hadharani. Wapo wazee ambao bado inawatetemesha. Akisita, usimsukume, na wala usiisimulie kwa niaba yake bila ruhusa. Mrekodi nyumbani kwa simu, kwa utulivu, akitaja majina ya mahali na ya watu aliokuwa nao. Kisha peleka nakala kwa afisa utamaduni wa wilaya. Ukitaka kuona nyaraka zenyewe za utawala wa Jimbo la Kusini, hizo ziko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na unaomba kibali cha utafiti. Simu haitakusaidia hapo, ni mpaka uende.

Shamba la mikorosho ni jambo la sheria, na hapa lazima niwe mkali kidogo: usimpe babu matumaini kabla hujaonana na mtu wa sheria ana kwa ana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 15, inazungumzia hasa ardhi iliyogawiwa wakati wa kuhamishia watu vijijini, kuanzia 1970 hadi 1977, na kwa jumla inawalinda waliogawiwa ardhi wakati ule dhidi ya madai ya waliokuwa nayo kabla. Kwa hiyo kama shamba lile walipewa wengine kwenye ugawaji wa miaka hiyo, dai lake ni gumu sana. Kama halikuwahi kugawiwa mtu, au babu aliendelea kwenda kuokota korosho na kupalilia miaka yote, habari inaweza kuwa nyingine. Hilo mimi siwezi kuliamua kwa maandishi.

Anzeni kwa mtendaji wa kijiji ambacho shamba limo, muulize kumbukumbu za kijiji zinasemaje na nani analitumia sasa. Kisha ulizia halmashauri juu ya wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, huduma yao ni bure, au mwone wakili Lindi mjini. Msikate mti, msiweke alama za mpaka, msimfuate mtu anayelima pale kwa maneno makali kabla ya kupata ushauri. Kesi nyingi nzuri za ardhi huharibika siku hiyo. Na uende na babu mwenyewe, hata ikibidi kukodi bodaboda mbili, maana mpaka wa shamba, mti wa kwanza alioupanda na majina ya majirani wa wakati ule anavijua yeye.